Nduguye Nani

Kikwanguo cha chuma kimepanda kutoka mita tisini,
kimesheheni tope la kijivu, baridi kama ufunguo wa alfajiri.
Gudny Aasland analimwaga kwenye chekecheke,
anafungulia bomba, tope linakwenda zake,
linabakiza kome wawili waliofumba midomo
na vipembe sita vyeupe,
kila kimoja hakizidi kidole cha mtoto.

Ungedhani tembo mdogo mno
amepita chini ya ghuba hii ya Norwe akang'olewa jino.
Si jino.
Ni nyumba iliyo wazi huku na wazi huku,
na mwenye nyumba anaishi kichwa chini.
Kajipigilia mchangani kwa mguu wake mmoja,
kaacha ncha nyembamba tu itokeze juu:
humo humo maji safi yanaingia,
humo humo machafu yanatoka, wala haoni haya.
Macho hana. Matamvua hana.
Ana nyuzi, nyembamba kuliko unywele,
kila uzi na kifundo chake cha gundi;
anazituma gizani, chembe hadi chembe,
zikapapase vijidudu vya ganda la chokaa
zimletee kwenye ulimi wenye meno.

Na moyo?
Gudny amepasua mia tatu kwa miaka kumi na minne.
Moyo wa kusema huu hapa, hajauona.
Mguu ukisukuma, damu inakwenda.
Mguu ukirudi, damu inarudi.
Kwa mwingine kukosa moyo ni tusi.

Mzee Halvdan, aliyemfundisha kushika wembe,
alinuka tumbaku na fomalini, akisema:
huyu ni wa ukoo wa pweza,
tazama utumbo ulivyojikunja ukarudi ulikotoka.
Halvdan alipozikwa wakaja wa konokono.
Wakaja na wa chaza, wakanyoosha kidole
kwenye ule mguu wa kuchimbia,
kwenye joho linaloanza vipande viwili
kisha likaungana, likawa bomba.
Kila mmoja alikuwa na mchoro mzuri.
Sasa mashine imevuma Bergen usiku kucha,
imesoma herufi za urithi moja moja,
na jibu liko mezani, na asilimia zake za shaka:
kome.
Yule yule wa kwenye sufuria, na vitunguu na siagi.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua nyingine.
Mwezi wa pili Gudny alitema mate kwenye kichupa,
zawadi ya mpwa wake, mzaha wa sikukuu.
*Unaye ndugu, baba mmoja.*
Ingunn, miaka sitini na moja, wa Hammerfest,
fundi wa injini za boti.
Picha imeambatishwa.
Pua mbali, kidevu mbali, nywele mbali.
Gudny ameikuza picha kama anavyokuza utumbo,
akaenda pembe hadi pembe,
mpaka kwenye mkono ulioshika kikombe:
vidole viwili, gumba limejificha kiganjani.
Hivyo ndivyo baba alivyokunywa kahawa,
na mama akimwambia kila siku, utaungua.

Watano amewatia kwenye pombe kali, na lebo zao.
Wa sita amemweka kwenye bakuli la mchanga.
Kwa muda mrefu hakuna kitu.
Kisha mguu unachungulia, mweupe, umechongoka,
unatafuta chini iko wapi,
unajivimbisha ubavuni kama nanga, unavuta.
Dakika arobaini. Imebaki ncha.

Kome wawili wako bakuli lilo hilo.
Miaka milioni mia tano na ushei,
na hakuna aliyemsalimu mwenziwe.

Gudny anapangusa mikono, anafungua ukurasa mtupu.
*Ingunn mpendwa,*
anafuta *mpendwa*.
Anakwenda kuzima bomba linalodondoka.
Anairudisha.